Kanda ya Mwadini

10 Oktoba 1998, Jumamosi

Mvua tangu asubuhi. Nimerudi sasa hivi kutoka Kilburn, kwa Mwadini na mkewe Zahra. Dada yake Mwadini, Mwanamwema, yuko hapa kwa wiki moja kutoka Kopenhagen, na kaleta kanda ya video. Aliirekodi kwenye televisheni ya huko: onyesho la vichekesho ambalo Wadenishi hulifanya kila kiangazi katika mji mmoja wa pwani, ndani ya hema kubwa. Mwanamwema hufanya usafi katika hema hilo. Sebuleni tulikuwa watu saba, na sita hatujui Kidenishi hata neno.

Onyesho lenyewe ni vipande vifupi vifupi: mchezo, wimbo, mchezo, wimbo. Mwanamume mnene kavaa gauni la maua na kofia, anaimba kwa uso mkavu kama kadhi anayesoma hukumu. Kila baada ya muda kamera inamwonyesha bwana mmoja wa miwani, mstari wa mbele, anacheka mpaka anajifuta machozi.

"Nani huyo?" Mwadini aliuliza.

"Waziri," alisema Mwanamwema. "Ndiye anayeigizwa hapo jukwaani."

"Na anacheka?"

"Akinuna, mwakani watamwigiza tena."

Sote tulimtazama waziri. Mwadini alimtazama yule mnene. Aliirudisha kanda nyuma mara kadhaa, mpaka Zahra akamnyang'anya rimoti. "Mnaona anavyosubiri?" Mwadini alisema. "Hasemi neno la pili mpaka kicheko kianze kushuka. Hakiachi kife. Anakidaka njiani."

Sauti ya Mwadini ina mkwaruzo. Zahra anasema iko hivyo tangu Julai.

Mwadini anataka tufanye onyesho letu. Jumuiya yetu ya Waswahili hapa Landani imeshakodi ukumbi Kilburn kwa jioni ya tarehe 12 Desemba, kabla ya Ramadhani. Wakubwa wetu wakae mstari wa mbele na waigizwe mbele ya macho yao, kanda ipigwe, itolewe nakala, iende Denmaki, Dubai, Toronto na Unguja. Kwangu mimi, mwandishi wa habari, wanataka habari tu. "Bi Malak, wewe lete kweli," aliniambia. "Uchekeshaji tuachie sisi."

14 Oktoba

Nimempa kweli tatu. Jumuiya yetu ina wanachama wasiojaa basi moja na imegawanyika mara mbili. Mwenyekiti wetu, Mzee Mahir, husema "kwa ufupi" kabla ya kila hotuba ndefu. Na karibu kila nyumba ya wazee wetu ina sanduku juu ya kabati, limefungwa tangu walipofika, kwa ajili ya kurudi.

Mwadini alizipokea zote. Hiyo ya tatu aliniuliza mara mbili.

21 Oktoba

Nilipita steshini ya Kilburn, anapofanya kazi Mwadini. Yeye ndiye anayewatangazia abiria kwenye kipaza sauti: treni imechelewa, treni imefutwa, samahani kwa usumbufu. Watu wanaochukia treni wanapenda sauti yake. Leo aliyekuwa anatangaza ni mwenzake.

Tulikaa kwenye benchi la jukwaa la juu, upepo mkali. Aliniambia kwamba hospitali wameona uvimbe kwenye koo, na kipande walichokata kimeonyesha ni saratani. Wanataka aanze mionzi mapema Novemba, kila siku, wiki sita. Ikiwahiwa, daktari anatumaini uvimbe utaondoka na sauti itabaki. Lakini wakati wa tiba koo litaungua na hataweza kuimba.

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia tuanze baada ya tarehe kumi na mbili Desemba."

"Naye?"

"Akasema hashauri. Nikamwambia ahsante."

Nilimuuliza kama ameelewa maana ya "hashauri". Akasema Kiingereza chake kizuri kuliko changu. Treni ikaingia.

24 Oktoba

Zahra alinipigia simu akiwa kazini, kwenye nyumba ya kulelea wazee. "Da Malak, wewe mtu wa habari. Mpe mume wangu habari yake."

Nilisema ameshapewa na daktari.

"Daktari hamjui. Wewe unamjua. Mwambie watu watacheka jioni moja, kisha watakwenda kula sambusa."

Nikasema nitamwambia. Nilimwambia. Alijibu kwamba sambusa zishaagizwa.

Zahra hapendi vichekesho. Katika mazoezi yote mawili hakukaa sebuleni.

1 Novemba

Giza saa kumi na moja jioni. Kweli majira yamegeuka.

4 Novemba

Tumepata mpiga video: Yogesh, kutoka Hounslow, mzaliwa wa Tanga. Hupiga harusi za Wahindi magharibi yote ya Landani. Alikuja na koti la ngozi na albamu ya picha za mabibi harusi kama sampuli ya kazi yake. Sikuvutiwa naye. Alimuuliza Mwadini, "Kaka, maharusi wako wangapi?" Mwadini akamjibu, "Mmoja, na ndevu anazo." Wamekuwa marafiki papo hapo.

8 Novemba

Mzee Mahir amesikia kwamba ataigizwa. Amempigia Mwadini kusema ukumbi ulikodiwa kwa jina la Jumuiya na Jumuiya inaweza kuufuta. Mwadini alimwalika nyumbani, akampa chai ya tangawizi na kumwekea kanda ya Denmaki. Mimi nilikuwepo.

Mzee Mahir alimtazama waziri wa watu kwa makini sana. "Huyu ni waziri kamili? Si naibu?"

"Kamili," alisema Mwadini.

"Na bado yumo madarakani?"

"Yumo."

Mzee alikunywa chai yake. "Basi nioneshe unavyonifanya."

Mwadini alisimama, akavuta suruali juu ya tumbo, akakohoa mara moja, akaanza: "Ndugu wanachama, kwa ufupi..." Mzee Mahir akamkatiza. "Sikohoi mara moja. Nakohoa mara mbili. Kama unanicheza, nicheze vizuri." Alikaa saa nzima akirekebisha. Alipoondoka ukumbi ulikuwa salama.

Hii ndiyo wiki ambayo mionzi ingeanza.

13 Novemba

Ukungu. Mazoezi. Sauti mbaya.

15 Novemba

Wimbo wa mwisho umekamilika. Mwadini ameutunga mwenyewe juu ya lile sanduku. Nanakili ubeti wa kwanza:

Mwakani narudi kwetu, sanduku juu kabati,
Nimelifunga kitambo, nangojea tu wakati,
Wanangu wameshakua, Kiswahili hawapati,
Mwakani narudi kwetu, mwaka huu nina kazi.

Kila ubeti una udhuru mwingine. Nyumba haijauzwa. Goti linauma. Mjukuu anaanza shule. Ubeti wa mwisho hauna udhuru, hauna hata neno mwaka huu: mtu anashusha sanduku, analifungua, na nguo zilizomo ni za kijana asiyemjua.

Waliokuwepo walicheka mpaka ubeti wa nne. Wa tano uliwanyamazisha. Mwadini alifurahi. "Hapo ndipo nnapowataka," alisema. Halafu akakohoa, na hakumaliza kukohoa kwa muda.

Zahra alileta asali na maji moto. Aliweka kikombe mezani, akarudi jikoni.

22 Novemba

Baridi ya kwanza kali. Mwadini anaongea kwa kunong'ona siku nzima ili aiweke sauti akiba. Steshini wamempa kazi ya kukata tiketi.

29 Novemba

Zahra na Mwadini waligombana mbele yetu. Zahra hakupaza sauti. Alisema: "Wewe unadhani hiyo sauti ni yako peke yako. Mie ndiyo iliyonioa. Ulikuja kuniposa huna kazi, huna nyumba, una mdomo tu. Sasa unakwenda kuigawa kwa watu wa Jumuiya."

"Jioni moja, Zahra."

"Jioni moja nami n'na zamu. Sitakuja."

Alivaa koti akaenda kazini. Mwadini alitutazama. "Haya," alinong'ona, "tuanze pale Mwenyekiti anapoingia." Tukaanza.

Oktoba niliandika kwamba Zahra hapendi vichekesho. Hiyo haikuwa taarifa. Nilikuwa nakisia tu.

6 Desemba

Mvua. Mazoezi ya mwisho. Hakuimba. Alisoma maneno kwa midomo huku mpiga kinanda akipiga.

13 Desemba, Jumapili

Naandika ya jana.

Ukumbi ulijaa kabla ya magharibi. Tuliswali kwenye chumba cha nyuma, kisha watu wakakaa, wanawake kulia, wanaume kushoto, watoto popote. Mzee Mahir mstari wa mbele, suti ya kijivu. Mwanamwema alikuja na ndege ya asubuhi. Yogesh alisimamisha kamera katikati, juu ya miguu mitatu, na taa mbili kali. Nje kulikuwa na mvua ya mawe.

Mwadini alipanda akiwa amevaa kanzu na buibui juu yake, akaigiza mjane anayehojiwa na ofisa wa uhamiaji kuhusu idadi ya watoto. Kisha akawa Mwenyekiti. Alikohoa mara mbili. Ukumbi ulilipuka, kila mtu akamgeukia Mzee Mahir, na Mzee Mahir akasimama akainama kama mfalme, akakaa. Kelele zilizidi. Mwadini akasubiri. Alisubiri mpaka kicheko kilipoanza kushuka, kisha akasema, "Kwa ufupi."

Sauti yake haikutetereka jioni nzima. Sijui aliitoa wapi. Nimesikiliza waimbaji wengi katika kazi hii na siwezi kusema ilikuwa nzuri. Ilikuwa na mkwaruzo kama mlango wa bati. Lakini kila neno lilifika mpaka ukutani.

Alipoanza wimbo wa sanduku, wanawake wawili walisimama kwenda kumtuza, kama ilivyo ada yetu mtu anapoguswa na wimbo. Wakafuatwa na wengine. Walikwenda wakicheza polepole, mkono mmoja juu, mpaka jukwaani. Ubeti wa tatu nusu ya ukumbi ilikuwa imesimama, na mimi nilikuwa naona kofia yake tu. Ubeti wa tano hakuna aliyecheka. Alimaliza. Wakapiga makofi wote.

Nyuma ya jukwaa alikunywa maji. Mwanamwema alimkumbatia. "Kaka, wale Wadenishi waje kwako wasome."

"Zahra kaja?" alimuuliza.

Mwanamwema akasema hakumwona. Mimi pia sikumwona.

16 Desemba

Mzee Mahir alimpeleka Mwadini hospitali kwa gari lake na akangoja chini kwa muda wa saa tatu. Uvimbe umekua. Mionzi pekee haitoshi tena. Wataondoa koromeo lote Januari. Atapumulia tundu shingoni. Sauti haitarudi.

Mwadini aliuliza kama wangeanza Novemba ingekuwaje. Daktari alisema hawezi kujua kwa hakika. Mwadini alinisimulia haya kwa kunong'ona, kwa mpangilio, kama mtu anayetoa ushahidi. Mzee Mahir alikuwa pembeni. Sijawahi kumwona akinyamaza hivyo.

18 Desemba, Ijumaa

Yogesh alileta kanda. Tulikaa Kilburn: Mwadini, Zahra, Yogesh na mimi. Mwanamwema amesharudi Denmaki.

Michezo imetoka vizuri. Wimbo haukutoka. Watu waliposimama kutuza waliiziba kamera, na Yogesh akafanya anachokifanya miaka yote harusini. Aliing'oa kamera kwenye miguu yake, akaiweka begani, akaanza kupiga nyuso za wageni. Kwake harusi ambayo mgeni hakujiona ni harusi iliyoharibika. Kwa hiyo Mwadini anaimba beti tano na haonekani hata mara moja. Inaonekana migongo, mitandio, watoto waliolala, Mzee Mahir akiwa ameinamisha kichwa.

Mwadini alikuwa ameshika goti lake. Yogesh aliona kabla yangu. "Kaka," alisema, "kaka, nilidhani..."

Ubeti wa tano, kamera ilifika mlangoni. Zahra alikuwa amesimama pale, sare ya kazi chini ya koti, nywele za mbele zimelowa. Hakucheka wala hakulia. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Alikuwa anaimba, neno kwa neno, wimbo ambao hakuwahi kukaa sebuleni kuusikiliza.

Mwadini alisimamisha kanda. Sura ya Zahra ikabaki hapo kwenye kioo, inatetemeka.

"Ulikuja," alisema.

"Nilipita kuchukua funguo," Zahra alisema. "Niliacha zangu nyumbani."

Yogesh alikataa chai, akakubali, akainywa amesimama.

20 Desemba

Mwezi umeonekana. Ramadhani.

28 Desemba

Futari kwa Mwadini. Anameza kwa shida. Uji tu.

5 Januari 1999

Amefanyiwa leo. Saa nane za upasuaji. Zahra alikuwepo alipopelekwa, na nilimuuliza mumewe alisema nini mwisho. Niliuliza kwa sababu ndiyo kazi yangu, na yeye alijibu kwa sababu ni Zahra. Mwadini alimuuliza kama amezima jiko.

"Nikamwambia nimezima," alisema. "Wakafunga mlango."

19 Januari

Idi. Mvua kutwa. Mwadini karudi nyumbani, shingo imefungwa kitambaa cheupe. Anaandika kwenye kibao cheupe cha plastiki na kufuta kwa kiganja. Watu waliokuja kumpa mkono wa Idi walipaza sauti kana kwamba amekuwa kiziwi. Aliandika: SIJAWA BUBU WA MASIKIO. Walicheka kwa nguvu kuliko ilivyostahili.

Baada ya wageni kuondoka Zahra alinisindikiza mpaka ngazi. Uvimbe umekutwa pia kwenye tezi za shingo, pande zote mbili. Mionzi itaanza mwezi ujao, na safari hii si kwa ajili ya sauti.

30 Januari

Yogesh alikuja na wazo. Harusini, bibi harusi akijikwaa, wanarudia kuingia kwake hata mara tatu, na hakuna anayejua. Sauti ya wimbo iko salama kwenye kanda. Mwadini asimame jukwaani, sauti ichezwe, afuatishe kwa midomo. Yogesh mwenyewe atapiga karibu, uso tu, na kuunganisha.

Zahra alisema hapana. Alisema mtu si sanamu ya kuwekewa sauti.

Mwadini alichukua kibao. Alimwandikia yeye, si sisi, na sikusoma. Zahra alisoma, akafuta mwenyewe kwa kanga yake. "Nitamfunga kitambaa kizuri," alisema.

6 Februari, Jumamosi

Ukumbi uleule, bila watu. Theluji nyembamba nje, ndani hita haikufanya kazi. Tulikuwa wanne. Zahra alimfunga shali ya hariri shingoni kufunika tundu, akaiacha legevu apate kupumua. Yogesh alipanga taa zilezile na kuweka spika chini ya jukwaa.

Ilianza. Kinanda, kisha sauti yake, kubwa, katika ukumbi mtupu. Vicheko vya Desemba vilikuwa ndani ya sauti, na Mwadini alivisubiri vyote pale vilipokuwa. Midomo ilikwenda sawasawa. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na baada ya ubeti wa pili nikasahau. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilidhani anaimba.

Ubeti wa tano alifunga mdomo.

Hakugeuka, hakuinamisha uso. Aliitazama kamera na sauti yake ikaendelea peke yake: sanduku likashushwa, likafunguliwa, nguo zikatolewa moja moja. Yeye alisikiliza. Shali ilikuwa inaingia na kutoka kidogo, hapo anapopumulia. Wimbo ukaisha, na makofi ya watu ambao hawakuwepo yakaanza.

Yogesh alishusha kamera. "Kaka, ule wa mwisho ulikupotea. Turudie?"

"Usirudie," alisema Zahra.

Yogesh alimtazama Mwadini. Mwadini alishuka jukwaani akivaa koti.

15 Februari

Mionzi imeanza. Mzee Mahir anampeleka kila siku. Anasema hawaongei njiani. Halafu akacheka kwa alichokisema, halafu akaacha kucheka.

27 Februari

Yogesh ametoa nakala na hakutaka malipo. Zimeshapelekwa posta.

9 Machi

Upepo. Mwadini kalala kutwa. Daktari kasema tuzungumzie kiangazi, si zaidi ya hapo.

14 Machi, Jumapili

Mwanamwema alinipigia kutoka Kopenhagen. Jana aliwaonyesha kanda watu wa huko, Waswahili kama ishirini pamoja na waume wawili wa Kidenishi. Nilimuuliza walicheka wapi. Alitaja: uhamiaji, Mwenyekiti, beti za mwanzo.

"Na pale anapofunga mdomo," alisema. "Hapo ndipo walipocheka zaidi ya pote, Bi Malak. Hawajui. Wamedhani ndiyo mzaha wenyewe, mtu kachoka kudanganya kwamba anarudi, kafunga mdomo, wimbo unaendelea kumdanganyia. Mmoja alianguka kwenye kiti. Niwaambie?"

"Na wewe?"

"Mie?"

"Ulicheka?"

"Nilicheka mwanzo," alisema. "Kabla sijakumbuka."

Nilikwenda Kilburn mchana. Mwadini alikuwa kitandani, mito mitatu mgongoni, amekonda. Nilimpa habari kwa mpangilio: walikuwa wangapi, walicheka wapi, pale mwisho walielewa nini, na kwamba dada yake anauliza kama awaambie ukweli. Kisha nikamwambia na yeye dada yake alicheka.

Alinitazama kuona kama nimemaliza. Aliandika: ASIWAAMBIE. Akaweka kibao juu ya blanketi.

Kisha mabega yakaanza kutikisika. Mdomo ulikuwa wazi na hakukuwa na kitu, ila hewa tu iliyokuwa inatoka shingoni kwa vipande, kama pampu ya baiskeli. Zahra aliisikia akatoka jikoni mbio, akidhani amepaliwa. Akamkuta anacheka. Alisimama pale mlangoni, mwiko mkononi, akamngoja mpaka amalize.